Bendi Ilipiga Msibani, Watatu Wakafa: Stori Iliyojificha Kwenye Chupa ya Maharage ya Njombe

Stori ya leo ina bendi, msiba, Napoleon, Kariakoo, treni ya TAZARA na maharage. Najua mnajiuliza hivi vitu vinakutana wapi. Vinakutana jikoni, Njombe, kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mzuri. Tulieni, twende taratibu.

Bendi ya Ellezelles

Desemba 1895, kijiji cha Ellezelles, Ubelgiji. Amefariki mzee wa miaka 87, na bendi ya matarumbeta ya pale kijijini imepiga kwenye mazishi. Kazi imeisha, jamaa wana njaa, wanakaa mezani kula. Wanaletewa paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi kwenye pipa. Watu 34 wanakula.

Kesho yake mambo yanabadilika. Mtu anaona vitu viwili viwili. Kope zinashuka zenyewe, mdomo unakauka, ulimi unakuwa mzito, kumeza maji ni shida. Homa hakuna. Watatu kati yao wakafariki, na wengine wakaponea chupuchupu.

Profesa mmoja wa Ghent, Émile van Ermengem, akaletewa mabaki ya ile nyama achunguze. Akamkuta mdudu asiyeonekana kwa macho, bakteria anayetengeneza sumu. Kilichowashangaza watu ni hiki: paja lingine la nguruwe huyohuyo, ambalo halikuzama kwenye maji ya chumvi, liliwa na halikumdhuru mtu. Lililoua ni lile lililokaa chini kabisa ya pipa, mahali pasipo na hewa.

Shikeni hapo, tutaparudia. Mdudu huyu anapenda mahali pasipo na hewa. Ugonjwa wake unaitwa botulizimu, kutokana na neno la Kilatini botulus, yaani soseji, maana miaka ya 1820 daktari mmoja Mjerumani aitwaye Justinus Kerner alishaandika kuhusu watu waliokufa kwa soseji. Huyo Kerner alikuwa mshairi pia, na ile sumu alijijaribia mwenyewe. Wasanii bwana!

Sasa Njombe inaingiaje?

Inaingia hivi. Siku hizi kila ukifungua simu unakutana na video ya dada wa Marekani ana bustani nyuma ya nyumba. Anachuma maharage machanga, yale membamba ya kijani yanayoliwa na ganda lake, anayakata, anayapanga kwenye chupa, anafunika, kisha kabati zima linapendeza kama duka la vito. Muziki laini kwa nyuma. Unaona kabisa maisha yamempendeza.

Na Njombe ndiyo sehemu ya kujaribu vitu hivyo. Baridi ipo, udongo upo, maharage yanakubali, mboga zinakubali. Ukiwa na kabustani kadogo uani, kuna wiki utachuma mpaka uchoke, majirani wakatae, na sokoni bei iwe ya kulia. Wazo linakuja lenyewe: kwa nini nisifunge kwenye chupa, nichemshe kwenye sufuria, nile mwezi wa nane?

Wazo zuri. Tatizo ni hiyo sufuria. Kabla ya kufika kwenye sufuria, tujue kwanza nani alianzisha hii biashara.

Mpishi aliyewalisha wanajeshi akazikwa kaburi la halaiki

Nicolas Appert alikuwa mpishi na mtengeneza pipi, Mfaransa. Ufaransa ya enzi zile ilikuwa vitani karibu kila siku, na jeshi halipigani bila kula. Appert akahangaika kwa miaka na chupa za kioo, zikiwemo zile nene za shampeni. Alijaza chakula, akaziba kwa kizibo, akazichemsha kwenye maji kwa muda mrefu. Chakula hakikuoza. Mwaka 1810 serikali ya Napoleon ikampa faranga 12,000 kwa sharti moja: aandike kitabu, siri iwe ya wote. Akaandika. Maelekezo ya njegere na maharage machanga yamo humohumo.

Mwaka huohuo, 1810, Mwingereza Peter Durand akapata hataza ya kutumia makopo ya bati. Makopo yakatangulia, kifaa cha kuyafungulia kikaja miongo kadhaa baadaye. Wanajeshi walikuwa wanafungua kopo kwa patasi na nyundo, wengine kwa singe. Siyo utani.

Cha ajabu, Appert hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Ilibidi isubiriwe mpaka miaka ya 1860, Louis Pasteur aje aeleze kwamba wanaoozesha ni vijidudu. Appert mwenyewe alishafariki mwaka 1841, maskini, akazikwa kwenye kaburi la halaiki. Mtu aliyelisha majeshi ya dunia hakuwa hata na jiwe lenye jina lake.

Kopo lilifika kwetu kichwani mwa mtu

Appert walau jina lake tunalijua. Njooni huku kwetu sasa.

Mwaka 1916 Vita Kuu ya Kwanza ilifika nyanda za juu kusini. Waingereza waliingia wakitokea upande wa Nyasaland na Rhodesia, na mwezi Novemba kikosi cha Wajerumani kikajisalimisha Ilembula, ambayo leo iko Wilaya ya Wanging'ombe, mkoani Njombe. Askari wa Kizungu walikula nyama ya kopo na biskuti ngumu. Lile kopo lilifikaje? Lori halikuweza kupita na reli haikuwepo. Lilifika juu ya kichwa cha mpagazi.

Wapagazi wa vita ile katika Afrika Mashariki walihesabiwa kwa mamia ya maelfu, na waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu ni makumi ya maelfu. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala jina lililoandikwa popote. Walichoacha ni neno moja. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalilainisha likawa Kariakoo. Ukienda pale Dar kununua viatu, unatembea juu ya jina la watu waliobeba chakula cha kopo ambacho wao wenyewe hawakupewa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 kopo likaanza kutengenezwa hapahapa. Tanganyika Packers, Kawe, walikuwa wanafunga nyama ya ng'ombe kwenye makopo na kuipeleka nje. Kiwanda kilikufa, lakini jina mnalo mpaka leo, maana kila ukitangazwa mkutano mkubwa wa injili unasikia "viwanja vya Tanganyika Packers". Mnaenda kupokea baraka kwenye uwanja wa nyama ya kopo.

Halafu ikaja TAZARA. Kati ya 1970 na 1975 Wachina na Watanzania wakajenga reli mpaka Zambia, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, na Makambako ikawa stesheni. Wachina hawakutegemea makopo tu. Kwenye kambi zao walilima bustani za mboga. Baadaye reli ikawa soko linalotembea. Kulikuwa na treni ya safari fupi wananchi waliyoibatiza Kipisi, ikibeba wachuuzi kati ya Makambako na bonde la Kilombero. Mchele na ndizi vilikuwa vinapanda, mazao ya baridi yalikuwa yanashuka. Wale kina mama wenye vikapu hawakuhitaji kopo, walihitaji treni ifike kwa wakati.

Na majirani zetu Kenya wakamalizia mzunguko kwa namna ya kuchekesha. Maharage haya asili yake ni Amerika, yakavuka bahari hadi Ulaya na Afrika. Mfaransa akabuni kuyafunga. Miaka ya 1980 wakulima wadogo wa magharibi mwa Kenya wakawa wanalima maharage membamba, yanafungwa kopo kiwandani Njoro, yanapelekwa kuliwa wapi? Ufaransa.

Bibi zetu walikuwa wanafanyaje?

Hapa ndipo watu wanakosea. Tukiona hawakuwa na chupa, tunadhani hawakuwa na akili ya kuhifadhi. Kumbe walikuwa na njia tatu, na zote zina sayansi ndani yake.

Ya kwanza ni vinyungu. Wenyeji wa Njombe na Iringa mnavijua, zile bustani za mabondeni zenye unyevunyevu hata kiangazi. Juu mlimani pamekauka, chini kwenye kinyungu mtu anachuma kibichi. Hifadhi yenyewe ni udongo.

Ya pili, maharage yana kopo lake. Usipoyachuma machanga ukayaacha mmeani, ganda linakauka, mbegu inakuwa ngumu kama kokoto. Unayapura, unayapepeta, unachanganya na majivu ili wadudu wasitoboe, unaweka. Mwaka mzima unao. Leo tuna mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu inayozuia hewa mpaka wadudu wanakosa pumzi.

Mjanja atauliza: si umesema yule mdudu wa bendi anapenda kusiko na hewa? Sawa kabisa. Lakini anahitaji na maji. Kwenye maharage makavu hakuna maji ya kumtosha, hawezi kuota. Ndiyo maana gunia halijawahi kumfanya mtu aone vitu viwili viwili.

Ya tatu, kuanika. Majani ya maharage, ya maboga na ya kunde yanachemshwa kidogo, yanaanikwa, yanakaa miezi. Mboga kavu na karanga na ugali, nani anabisha?

Hakuna aliyeandika jina la aliyegundua hayo. Hakupewa faranga hata moja. Ila hesabu yake ilikuwa sahihi: ukitaka chakula kikae, kiondolee maji. Appert aliacha maji akaondoa hewa, na hapo ndipo mdudu alipopata nyumba.

Sufuria yako ya Njombe haichemki kama ya Dar

Sasa turudi kwenye chupa. Yule mdudu akibanwa anajifungia kwenye mbegu ngumu, wataalamu wanaita spora. Zipo kwenye udongo, kwa hiyo maharage yanayogusa ardhi yanaweza kuzibeba. Ukila hivyohivyo kwenye mboga ya siku hiyo, mtu mzima mwenye afya hapati shida. Shida ni kuzifungia kwenye chupa yenye maji, bila hewa, bila uchachu, kwa joto la kabatini, kwa wiki kadhaa. Hapo umezipangishia nyumba, umeme na maji bure.

Kuziua kunataka joto la karibu nyuzi 116 hadi 121. Maji yanayochemka kwenye sufuria ya kawaida hayafiki huko hata ukichemsha kutwa. Dar es Salaam, usawa wa bahari, yanaishia 100. Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94 hivi. Makambako iko chini kidogo lakini bado imezidi mita 1,600, na maji yake hayazidi sana 94 na nusu.

Mnadhani kwa nini maharage makavu yakipikwa Njombe yanamaliza mkaa? Siyo ukaidi wa maharage. Maji yanaonekana yamechachamaa, mapovu juu, kumbe joto liko chini kuliko la Dar. Kwa mwanya huohuo chupa yako inaonekana imeiva wakati spora zimeoga tu.

Wamarekani walijifunza hili kwa gharama. Mwaka 1917 idara yao ya kilimo ilitamka kwamba mboga zisizo na uchachu zifungwe kwa mvuke wa presha tu. Kwenye Vita Kuu ya Pili, mwaka 1943, walikuwa na bustani za nyumbani takribani milioni 20, na mitungi ya presha haikutosha. Wakafanyaje? Majirani wakawa wanakusanyika kwenye vituo vya mtaa, wanatumia mitungi ya pamoja kwa zamu. Kikoba kabisa, sema cha maharage.

Kuna mtu atasema, "Mimi shangazi yangu anachemsha tu kwenye sufuria na hajawahi kuumwa." Sikatai. Siyo kila chupa ina spora zilizoota. Ila huo ni mkeka, na mkeka wa hivi ukichanika haukuli elfu mbili, unakula pumzi. Sumu hii inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Na wale wa bendi hawakuwa wazembe: nyama iliwapendeza, wakaila. Chupa yenye sumu inaweza isinuke, isivimbe, isibadilike rangi.

Basi tufanyeje na maharage yetu?

Siyo mwisho wa dunia, machaguo yapo.

- Anika au gandisha. Yachemshe dakika tatu hivi, yatie kwenye maji baridi, kisha yaanike mpaka yakatike kama kijiti, au yaweke friza.

- Tia uchachu. Mdudu huyu haoti kwenye uchachu mkali. Chukua siki vikombe 4, maji vikombe 4, chumvi nusu kikombe, chemsha. Panga maharage yaliyooshwa vizuri kwenye chupa safi za moto za nusu lita, na vitunguu saumu na pilipili ukipenda. Mimina siki ya moto, acha nafasi ya sentimita moja na kidogo juu, funga kwa mfuniko mpya wa kuhifadhia. Zamisha chupa kwenye maji yanayochemka: dakika 15 ukiwa Njombe mjini, 10 ukiwa Makambako. Soma lebo ya siki, iwe na asidi asilimia 5. Usiongeze maji ili siki itoshe, maana ulinzi wote uko kwenye hiyo siki.

- Ukitaka yale ya maji na chumvi tu, bila siki, hapo ni mtungi maalum wa presha wa kuhifadhia, wenye geji. Chupa za nusu lita zinakaa dakika 20, za lita moja dakika 25. Geji ya mshale isome pauni 14 kwa Njombe mjini, 13 kwa Makambako. Ile presha kuka ndogo ya kupikia makongoro siyo mbadala.

Na ukikutana na chupa ya mtu usiyoijua ilivyofungwa, usionje "kidogo tu". Tupa mbali na watoto na mifugo. Ukishakula ukaanza kuona viwili viwili au kope zinakugomea, hospitali muda huohuo, na uwaambie ulichokula. Dawa ya kuzuia sumu inasaidia zaidi ikiwahi.

Majina ambayo hatuna

Nilipoanza kufuatilia stori hii nilidhani ni ya vyombo vya jikoni. Kumbe ni ya watu ambao historia iliwala ikasahau kuwaandika. Wapiga tarumbeta watatu waliokufa ndio waliotufanya tumjue mdudu. Wapagazi walibeba makopo wakaacha neno Kariakoo. Mama wa Kipisi alikuwa na kapu lake. Na kuna bibi fulani, mahali fulani kwenye kinyungu, aliyegundua kwamba mboga ikikauka vizuri haimuui mtu.

Video za chupa ni nzuri, na mimi naziangalia. Ila yule dada wa Marekani ana mtungi wa presha ambao kamera haikuuonyesha, na nyuma yake ana miaka zaidi ya mia moja ya watu waliokufa ndipo wenzao wakajifunza. Sisi tunaona chupa tu.

Kwa hiyo mdau wa Njombe, Makambako, Lupembe, Uwemba, popote ulipo: kabla hujachemsha, mpigie bibi simu. Muulize walikuwa wanahifadhije. Muulize na nani alimfundisha. Halafu rudi hapa chini utuandikie alichosema, na kama ataruhusu, tuandikie na jina lake.